Mama mkubwa ana saratani ya ubongo (glioblastoma) daraja la 4: mionzi na vidonge hapa nchini, India, au tusubiri?

Msafiri_Singida:

Habari zenu wakuu. Naomba wenye uelewa mnisaidie kusoma majibu ya mama mkubwa, maana Jumamosi kuna kikao cha familia na kila mtu anakuja na lake.

Ana miaka 61, urefu sentimita 165, kilo 63. Ana presha, anatumia amlodipini. VVU hana, sukari kabla ya upasuaji ilikuwa sawa. Alianza na kichwa kuuma alfajiri na kutapika, kisha mkono wa kushoto ukawa mzito, akapata degedege mara mbili. MRI ikaonyesha uvimbe wa sentimita 4.6 kwa 3.9 upande wa kulia wa ubongo, katikati pamekufa, pembeni panang'aa kama pete. Amefanyiwa upasuaji Dar siku 19 zilizopita. Ripoti inasema sehemu kubwa imetolewa, kipande kimeachwa kwa sababu kiko jirani na eneo linaloendesha mkono na mguu. Majibu ya kinyama: glioblastoma, daraja la 4, jeni ya IDH haina mabadiliko. Jeni ya MGMT haijapimwa.

Kwa sasa anatembea kwa kushikwa kidogo, anaoga na kula mwenyewe, anaongea vizuri. Anatumia deksamethasoni (ya kupunguza uvimbe wa maji kwenye ubongo) mg 4 asubuhi na mg 4 usiku, na levetirasetamu (ya degedege) mg 500 mara mbili kwa siku.

Amepewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, kwa mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi. Wajomba wanasema tuuze kiwanja aende India. Shangazi mmoja anasema hatua ya nne haina tiba, tumpeleke kwa mtu wa miti shamba. Mwingine kasikia Nairobi kuna mashine inayochoma uvimbe kwa siku moja bila kisu. Tufuate lipi?

MezaYaMionzi:

Pole sana mkuu, na mpe pole mama.

Nianze na neno lililomtisha shangazi. Daraja la 4 na hatua ya 4 ni vitu viwili. Hatua hutumika kwa saratani kama ya titi au ya mlango wa kizazi, na hatua ya 4 mara nyingi maana yake imeshasambaa kwenye viungo vya mbali. Uvimbe unaoanzia ndani ya ubongo haupimwi kwa hatua. Daraja linaeleza seli zinavyoonekana kwenye darubini na kasi yake ya kukua. Daraja la 4 ni kasi kubwa kuliko zote, hilo ni kweli na halifichiki, ila halimaanishi umesambaa mwilini. Glioblastoma hutoka nje ya ubongo kwa nadra sana.

Rufaa mliyopewa ndiyo tiba inayotolewa dunia nzima kwa mgonjwa wa aina yake tangu 2005: mionzi ya grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) iliyogawanywa mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 6, pamoja na temozolomidi kila siku, kisha mapumziko ya wiki 4, kisha vidonge peke yake siku 5 kila baada ya siku 28, mizunguko 6. Utafiti ulioanzisha mpango huu ulilinganisha waliopata mionzi peke yake na waliopata mionzi na vidonge. Wapange wagonjwa kwenye mstari, kuanzia aliyefariki mapema hadi aliyeishi muda mrefu kuliko wote: yule wa katikati upande wa mionzi peke yake aliishi miezi 12.1, upande wa mionzi na vidonge miezi 14.6. Waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 10.4 upande mmoja na 26.5 upande wa pili. Nusu ya watu waliishi zaidi ya yule wa katikati, nusu chini yake. Familia ipewe namba hizi zote. Tiba hii inaongeza muda na kushikilia nguvu za mwili. Kuung'oa ugonjwa kabisa ni jambo lisilotokea ila kwa wachache mno.

Kwa nini isipigwe siku moja Nairobi? Mashine hiyo ipo kweli, CyberKnife, katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na ni mashine nzuri. Inafaa kwa uvimbe mdogo wenye ukingo unaoeleweka: saratani iliyotoka kwenye pafu au titi ikaweka doa kwenye ubongo, au meningioma ndogo (uvimbe wa utando wa ubongo). Glioblastoma haina ukingo. Pete inayong'aa kwenye MRI ndiyo sehemu nene tu, seli zenyewe zimeshapenya kwenye ubongo unaoonekana mzima, mara nyingi sentimita mbili au zaidi nje ya pete. Ukichoma pete peke yake, unaacha mizizi. Ndiyo maana tunapiga eneo pana kwa dozi ndogo ndogo ambazo ubongo usio na ugonjwa unaweza kuzivumilia.

Sasa muda. Mionzi inatakiwa ianze takriban kati ya wiki ya 3 na ya 6 baada ya upasuaji, kidonda kikishafunga. Ninyi mko siku ya 19. Kabla ya kipindi cha kwanza kuna CT ya kupanga, kutengeneza barakoa, na daktari na mwanafizikia kuchora eneo kwenye kompyuta. Kazi hiyo peke yake hula siku kadhaa hadi wiki mbili kutegemea foleni. Kwa hiyo nendeni mkafungue faili wiki hii, hata kama kikao hakijamaliza kubishana. Kufungua faili hakuwafungi kuendelea.

Bebeni CD ya MRI ya kabla ya upasuaji na picha yoyote ya baada yake, maana ripoti ya karatasi haitoshi kuchorea. Bebeni pia muhtasari wa upasuaji, ripoti ya patholojia yenye muhuri, na orodha ya dawa zote.

Kuhusu barakoa: ni plastiki inayolainishwa kwa maji moto, inavutwa juu ya uso, ikipoa inashika umbo lake, kisha inafungwa kwenye meza ili kichwa kisisogee hata milimita chache. Afumue nywele kabla ya siku hiyo, au akatwe ziwe fupi. Akitengenezewa barakoa akiwa na misuko kisha akafumua, italegea na kazi inaanza upya. Upande wa pili, deksamethasoni huvimbisha uso. Barakoa ikianza kumbana au kuacha alama nzito, aseme hapo hapo, asijikaze.

Mezani ni dakika 10 hadi 20, hakuna maumivu. Nywele za eneo linalopitiwa huanza kudondoka wiki ya 2 au ya 3. Asipake mafuta ya nywele wala dawa ya kunyoosha wala rangi kwenye eneo hilo. Kichwa kinaweza kurudi kuuma kwa sababu mionzi huongeza uvimbe wa maji kwa muda; hiyo ni sababu ya kumwona daktari arekebishe dozi ya deksamethasoni, siyo sababu ya kuacha mionzi. Uchovu huwa mkubwa mwishoni na wiki kadhaa baada ya kumaliza, anaweza kulala mchana kutwa. Mashine ikiharibika au sikukuu ikiingia, uliza siku zilizopotea zitafidiwaje. Kukosa siku moja kunafidika, ila kuacha wiki nzima katikati kunaupa uvimbe nafasi ya kukua tena.

Akidhoofika kabla ya kuanza, daktari anaweza kupendekeza grei 40 kwa vipindi 15, yaani wiki 3. Mpango huo ni wa kawaida kwa wazee na wagonjwa dhaifu. Msiuchukulie kama ametupwa.

Mfamasia_Ziwani:

Naongezea upande wa dawa, kwa sababu hapo ndipo pesa na makosa vinapokutana.

Kwa urefu na uzito ulioandika, eneo la mwili wake ni kama mita za mraba 1.7. Dozi wakati wa mionzi ni mg 75 kwa kila mita ya mraba, yaani 127.5, kwa kawaida inashushwa hadi mg 125: kidonge cha 100, cha 20 na cha 5. Anakunywa kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, siku 42. Hiyo ni mg 5,250. Mzunguko wa kwanza wa baadaye ni mg 150 kwa mita ya mraba, kama mg 250 kwa siku 5. Damu ikivumilia, mizunguko mitano inayofuata ni mg 200 kwa mita ya mraba, yaani mg 340 kwa siku 5. Jumla ya mizunguko sita ni mg 9,750. Kwa hiyo safari nzima ni kama mg 15,000, na karibu theluthi mbili ya dawa inanunuliwa baada ya mionzi kuisha. Familia nyingi huchanga kwa nguvu mwanzoni, mfuko unakauka miezi miwili baadaye. Pangeni mchango kwa hesabu hiyo. Mkiulizia bei, ulizeni bei ya miligramu, maana boksi za vidonge 5 vya mg 20 na vidonge 5 vya mg 100 haziwezi kulinganishwa kwa macho. Kama ana bima, idhini ya dawa iombwe kabla ya siku ya kwanza ya mionzi. Na msinunue kwa mtu wa mtandaoni asiye na duka. Hakikisheni boksi lina namba ya toleo na tarehe ya kuisha.

Kabla ya kidonge cha kwanza: FBP (picha kamili ya damu), ini, figo, na homa ya ini B. Hii ya mwisho husahaulika. Virusi vya B vilivyolala vinaweza kuamka kwa tiba hii na kuua ini, wakati kuna dawa za kuvizuia zikianza mapema.

Namna ya kunywa: ondansetroni nusu saa hadi saa moja kabla, kisha temozolomidi tumbo likiwa tupu (asiwe amekula kwa saa mbili), yapata saa moja kabla ya mionzi. Wikiendi anywe asubuhi. Vimezwe vizima na maji. Kidonge kisifunguliwe wala kuyeyushwa kwenye uji, unga wake ni sumu kwa anayeushika, na mjamzito asiviguse kabisa. Akitapika baada ya kumeza, asirudie siku hiyo. Ondansetroni hufunga choo, kwa hiyo papai, maji ya kutosha, na dawa ya kulainisha mapema kabla hajakaa siku nne.

FBP kila wiki wakati wa mionzi. Ili kuanza mzunguko mpya, nyutrofili (chembe za kupambana na maambukizi) ziwe angalau 1,500 na chembe sahani (za kugandisha damu) angalau 100,000 kwa maikrolita. Zikiwa chini, mnasubiri wiki na kupima tena. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni hospitali siku hiyo hiyo, Panadol isiwape moyo wa kusubiri asubuhi. Atahitaji pia Septrin ya kinga dhidi ya nimonia aina ya pneumosisti, kwa kawaida mg 480 kila siku au mg 960 mara tatu kwa wiki. Kama ana mzio wa salfa semeni mapema.

Deksamethasoni sasa. Angalieni maandishi kwenye pakiti: vidonge vingi madukani ni vya mg 0.5, kwa hiyo mg 4 ni vidonge 8. Makosa haya yapo kila siku, mgonjwa anameza kimoja akidhani ni mg 4, ubongo unavimba, familia inadhani ugonjwa umerudi. Dozi yake ya usiku muulizeni daktari aihamishie saa 7 au 8 mchana, maana ikinywewa usiku inafukuza usingizi. Anywe baada ya kula. Asichanganye na diklofenaki, tumbo linaweza kutoboka. Sukari na presha vipimwe angalau kila wiki, kwani inapandisha vyote. Miguu ikianza kushindwa kunyanyuka kwenye kiti au ngazi, mara nyingi ni misuli ya mapaja inayoliwa na dawa hii. Lengo ni dozi ndogo kuliko zote inayomtuliza, lakini inashushwa ngazi kwa ngazi kwa maelekezo ya daktari. Kuikata ghafla baada ya wiki kadhaa kunaweza kumwangusha kwa presha kushuka, maana mwili umeacha kutengeneza homoni yake.

Levetirasetamu ni chaguo zuri kwake kwa sababu haigombani na dawa nyingine. Ila ikiisha, msibadilishe kwa fenitoini au kabamazepini kwa kuwa tu ni rahisi kupatikana. Hizo zinalifanya ini lichome deksamethasoni haraka. Kwa wanaosoma hapa wenye mgonjwa anayetumia dolutegraviri (dawa ya VVU), fenitoini, kabamazepini na fenobabito hushusha kiwango chake pia. Akibadilika ghafla akawa mkali na mwenye hasira, semeni kwa daktari, ni athari inayojulikana ya levetirasetamu.

BintiPangani:

Samahani kwa kuingilia uzi. MRI ya baba mdogo inasema meningioma sentimita 2, kagundulika kwa bahati akipimwa baada ya ajali ya bodaboda. Hana dalili. Naye aende mionzi?

MezaYaMionzi:

Hapana dada, huo ni ugonjwa mwingine. Meningioma hutoka kwenye utando unaofunika ubongo, na nyingi ni daraja la 1. Ndogo isiyo na dalili kwa kawaida hurudiwa MRI baada ya miezi 6 hivi, kisha kila mwaka. Ikikua au ikianza kubana mshipa wa fahamu wa jicho, ndipo upasuaji au mionzi huzungumzwa. Mpelekeni kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo aione picha yenyewe, maana mahali ilipokaa ni muhimu kuliko ukubwa.

NesiWodiYaVichwa:

Msafiri, nijibu la India na la miti shamba.

Kabla ya kuuza kiwanja, andikieni hospitali ya huko, mtume CD na ripoti, mwulize swali moja: mtafanya nini ambacho hakifanyiki Dar? Jibu likiwa "mionzi wiki 6 na temozolomidi", basi mnanunua nauli, nyumba ya kupanga kwa watu wawili na viza kwa ajili ya dawa ile ile, na wiki mlizopoteza hazirudi. Safari ina maana kama jibu ni kurudia upasuaji kwa sababu kilichobaki ni kikubwa na wao wanaweza kukitoa bila kumpoozesha. Kwa mama, kilichobaki kiko kwenye eneo la mkono na mguu, kwa hiyo muulizeni aliyempasua maoni yake kwanza. Pia asipande ndege bila kibali chake. Baada ya fuvu kufunguliwa hewa inaweza kubaki ndani, na huko juu hutanuka.

Kipimo cha MGMT hakihitaji mgonjwa asafiri. Maabara ya patholojia inatunza kinyama chake kwenye kibloku cha nta, na kibloku hicho ndicho kinachotumwa. MGMT ni protini inayorekebisha uharibifu unaofanywa na temozolomidi kwenye seli za uvimbe. Jeni yake ikiwa imezimwa, dawa inafanya kazi vizuri zaidi. Kwa mgonjwa wa miaka 61 mwenye nguvu, majibu hayo hayabadilishi mwanzo wa tiba, kwa hiyo msisubiri. Yatasaidia baadaye, pesa ikibana, kuamua kama mizunguko ya mwisho ina tija.

Miti shamba: sala na dua haziingiliani na tiba yoyote, na zinampa nguvu. Ila kitu cha kunywa, iwe mizizi, magome au mchanganyiko wa kwenye chupa, kisiingie katika miezi hii. Ini na damu vinapimwa kila mara ili kujua kama temozolomidi inamdhuru. Vikiharibika huku anakunywa vitu viwili, daktari atalazimika kusimamisha kile anachokijua.

Nyumbani: degedege likitokea, mlazeni ubavu wa kushoto au kulia, ondoeni vitu vigumu, angalieni saa. Msimtie kijiko mdomoni, msimnusishe kiberiti wala mafuta ya taa. Likizidi dakika 5 au likirudi kabla hajazinduka, gari itafutwe. Bafuni asijifungie kwa komeo.

Jambo lingine ambalo familia huliacha hadi limechelewa: mama sasa anaongea vizuri na anaelewa. Muulizeni yeye anataka nini, anaogopa nini, akizidiwa apelekwe wapi na nani aamue kwa niaba yake. Mambo ya shamba na akaunti ayaseme akiwa na akili yake. Ombeni pia kuonana na watu wa tiba shufaa tangu mwanzo, wapo hapo hapo Ocean Road. Wao wanashughulikia maumivu, usingizi, choo na hofu wakati tiba nyingine inaendelea.

Na baada ya mionzi: MRI ya kwanza, mwezi mmoja hivi baadaye, inaweza kuonyesha pete imekuwa kubwa kuliko mwanzo. Ndani ya miezi 3 ya kwanza hiyo inaweza kuwa uvimbe unaoletwa na tiba yenyewe, unaofanana na ugonjwa kukua. Kama hali yake ni nzuri, kawaida tiba inaendelea na picha inarudiwa baada ya wiki 4 hadi 8. Familia nyingi huacha dawa siku ya picha hiyo.

Msafiri_Singida:

Nimewasomea wote, asanteni sana. Tumekubaliana Jumatatu tunaingia Ocean Road, na mjomba anaandikia India huku faili likiwa limefunguliwa. Deksamethasoni ni kweli zilikuwa za mg 0.5, alikuwa anameza nne nne. Swali la mwisho: tangu juzi mguu wa kushoto, ule dhaifu, umevimba kwenye misuli ya nyuma na unauma akikanyaga. Tumekuwa tukimchua kwa mafuta. Ni amlodipini?

NesiWodiYaVichwa:

Acheni kumchua sasa hivi. Amlodipini huvimbisha miguu yote miwili, kwenye vifundo. Mguu mmoja, ulio dhaifu, baada ya upasuaji, kwa mtu mwenye uvimbe wa aina hii, ni damu iliyoganda kwenye mshipa hadi ithibitishwe vinginevyo. Kuchua kunaweza kuing'oa ikapanda hadi kwenye mapafu.

Mpelekeni leo hospitali ya rufaa ya mkoa, aombewe altrasaundi ya mishipa ya mguu. Wakiikuta atahitaji dawa ya kuzuia damu isiendelee kuganda, kwa hiyo jambo la kwanza kuwaambia ni kwamba kichwa kilifunguliwa siku 19 zilizopita, na muwape namba ya daktari aliyempasua wazungumze kabla ya sindano ya kwanza. Waelezeni pia kuhusu zile mg 2 badala ya mg 4, wao ndio waamue dozi ya leo. Akianza kuhema kwa shida au kifua kumchoma njiani, ingieni kituo cha karibu chenye oksijeni.

Msafiri_Singida:

Tuko kwenye gari.